Maji Yale Yale ya Sultani Shambwe

Hapo zamani, zama ambazo masikio ya watawala kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia kilemba kisiteleze, palikuwa na sultani jina lake Shambwe, aliyejenga bwawa dogo mtoni kwa jasho la watu wengine. Lilipojaa, akasema limejaa kwa baraka zake. Basi ukaja mwaka wa kiangazi, maji yakashuka hata vyura wakawa wanatembea kwa miguu, ikawa sultani anatafuta wa kumlaumu. Kioo alikuwa nacho, ila hakukitazama.

Lawama ikawaangukia watu wa Mitomondoni, kijiji kilichokuwa juu mlimani kwenye chemchemi ya mto huo, ambao tangu enzi za mababu walikatazana kukata hata kijiti kandokando ya mto. Sultani akawaita barazani, akawaambia kuwa kwa miaka saba wameyanywa maji yake kabla hayajafika bwawani. Basi wayarudishe yote ifikapo Ijumaa. La sivyo wahame, na msitu wao ukatwe kuni za jikoni kwake.

Akina mama wakaangua kilio. Mzee mmoja akaahidi kuyachota katika mto wa pili.

"Sitaki maji ya mto mwingine," sultani akasema. "Nataka yale yale mliyoyanywa."

Hapo akainuka Pandu, fukara wa kijiji hicho, ambaye kanzu yake ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Akainama mpaka kipara kikagusa busati, akasema wamesikia na watatii, ila kadhi aandike. Na kwa kuwa desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba haki ya sultani, iwe asali au samli, haipokelewi mpaka mwenyewe aionje mbele ya baraza, akaomba na hilo liandikwe. Kadhi akaandika: yawe yale yale, sultani ayaonje, kisha yamwagwe bwawani. Sultani akatia muhuri huku anacheka.

Njiani watu wakataka kumpiga Pandu. Akawanong'oneza jambo, na waliokuwa wakilia wakakaa chini kwa kicheko.

Ijumaa ikafika. Mitungi sitini ikaingia barazani, imefunikwa majani ya mgomba, Pandu mbele kama bwana harusi.

"Ndiyo yale yale?" akauliza sultani.

"Yale yale, Maulana, kijiji kizima ni shahidi. Ya watoto yalitoka upesi. Ya wazee yametusumbua kidogo, hutoka kwa vituo."

Sultani hakuelewa, akamiminiwa bakuli la dhahabu, akalipeleka kinywani.

"Mbona ni ya vuguvugu?"

"Hayana muda mrefu tangu yarudishwe, Maulana."

Basi pua ya sultani ikafahamu kabla ya kichwa chake, na mkono ukaganda hewani.

"Ewe Pandu, umeniletea nini?"

"Maji yako, Maulana. Maji yakishanywewa hatuijui njia nyingine ya kuyarudisha. Kama ipo, tufundishwe. Na haya ni ya juzi na jana tu. Ya miaka saba yamo njiani."

Waziri akashikwa na kikohozi, akaficha uso katika mkono wa joho. Kadhi, mtu asiyejua mzaha, akakunjua waraka, akasoma kwa sauti kuwa sasa Maulana aonje, kisha yamwagwe bwawani. Na bwawa lile ndilo lililotoa maji ya kahawa ya ikulu.

Sultani akatazama bakuli, akatazama muhuri wake, akatazama mitungi sitini. Akauchukua waraka, akaurarua mwenyewe, akaamuru uandikwe mwingine: watu wa Mitomondoni wanywe watakavyo, na msitu wao usiguswe na shoka milele.

"Na haya, Maulana," akauliza Pandu kwa adabu kubwa, "tukuachie?"

"Chukueni," akasema sultani kwa sauti ndogo.

Wakayabeba, wakaimwagia migomba yao, nayo ikazaa hata ikainama. Mvua zikanyesha, bwawa likajaa. Lakini husemwa kuwa tangu siku ile, kila Sultani Shambwe alipopelekewa kahawa, alitazama kwanza kule mlimani, akauliza watu wa huko wapo wangapi, kisha akaomba aletewe dafu.