Jino la Bi Asmahani

Wahenga hawakuwa na mnyororo wa kupimia ardhi, lakini njia ya mwongo waliipima, wakasema ni fupi. Fupi kiasi gani, hawakusema. Hilo lilijulikana mwaka wa hamsini na sita, katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza, na aliyelionyesha ni mtoto wa miaka kumi ambaye hakukusudia kumwonyesha mtu chochote.

Jina lake Mwatumu, mdadisi kama paka mbele ya chungu kilichofunikwa. Alitaka kujua kwa nini jani la mkonge lina mwiba nchani, na tangu juzi alitaka kujua jino lake la pembeni, lililokuwa likicheza, lingetoka lini. Ulimi wake haukulipa nafasi.

Shangazi yake, Asmahani binti Jumbe, alikuwa amejifungua, na kipande chake cha kazi, kadi ya kuhesabia siku za mshahara, kilibakiza siku sita kutimia thelathini. Kipande kisipotimia kwa muda wake, jasho lote huenda na maji. Nyapara Noa, mtu wa bara asiyekosa jibu, akaja na dawa.

"Nipe huyu mtoto. Ajifunge kanga zako, aitikie jina lako. Mimi nitaangalia pembeni."

"Na sheria, Noa? Kwenye mashine si mahali pa mtoto."

"Sheria iko Tanga mjini, Bi Asmahani. Huku niko mimi."

Basi Mwatumu akawekwa chini ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, azoe nyuzi zinazodondoka. Kanga ya mtu mzima iliburuzika nyuma yake kama mkia. Siku ya tatu mkanda wa mashine ukaudaka upindo wake, ukaunyofoa, ukaumeza. Mtoto akauliza:

"Mzee Noa, mkanda ungenidaka mimi, ningetokea upande gani?"

"Upande wa watoto wanaouliza sana," Noa akajibu, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya tano akafika Bwana Fanueli, mkaguzi wa idara ya kazi. Mashine ikasimamishwa, watu wakapangwa mstari. Noa akamnong'oneza Mwatumu: "Funga mdomo. Itikia kwa kichwa tu."

"Asmahani binti Jumbe!" mkaguzi akaita.

Mwatumu akasogea, kanga imemfika puani, akaitikia kwa kichwa.

"Mbona mfupi hivi?"

"Ukoo wao wote ndivyo ulivyo, Bwana," Noa akadakia. "Babake alikuwa akipanda ngazi kuchuma mchicha."

Watu wakaangua kicheko. Hata mkaguzi akatabasamu, na Noa, kuona mchuzi umenoga, akazidisha chumvi. "Mtu mzima huyu! Siku kumi na mbili tu zilizopita kajifungua mtoto wa kiume."

Kicheko kikakatika kama uzi. Wanawake wakatazamana. Pwani nzima mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Noa, kwa ugeni wake, hakulijua hilo.

"Siku kumi na mbili, na yuko kazini?" mkaguzi akauliza polepole. "Hebu sema mwenyewe, mama. Arobaini yako imekwenda wapi?"

Mwatumu alitaka kuitikia kwa kichwa tena. Lakini ulimi nao ukalisukuma jino mara ya mwisho, likatoka. Sasa alikuwa kati ya agizo la Noa na agizo la bibi yake: jino likitoka hurushwa paani papo hapo, ama sivyo jipya haliji. Bibi akashinda. Mtoto akalitema kiganjani, akakimbia, akalirusha juu ya bati.

"Kunguru, twaa lako bovu, nipe langu jipya!"

Jino likaviringika batini, ng'a, ng'a, ng'a, na kila mtu akalisikia.

"Nyapara," mkaguzi akasema, "mama huyu anang'oka meno ya utoto?"

Mtu asiyekosa jibu akaishika filimbi yake ya unyapara shingoni.

Bwana Fanueli akachutama mbele ya mtoto. "Unaitwa nani hasa?"

"Shikamoo, Bwana. Mwatumu." Akamwonyesha kanga iliyochanika. "Naomba kuuliza. Mkanda huu ukimdaka mtu, anatokea upande gani?"

Mkaguzi akaishika kanga ile palipochanika. "Hatokei, mwanangu," akasema.

Siku hiyohiyo Mwatumu akarudishwa nyumbani, na Noa akaamriwa aende Tanga akajieleze mbele ya hakimu. Asmahani hakukililia kipande. Aliishika kanga yake, akapima kutoka palipochanika hadi kiunoni mwa mtoto wa kaka yake. Shibiri moja. Hapo ndipo alipolia.

Arobaini yake ilipotimia, jino jipya lilikwisha chungulia, na filimbi ya unyapara ilikuwa shingoni mwa mtu mwingine. Ukiwauliza watu wa shamba lile urefu ambao wahenga hawakuutaja, watakwambia: ni kutoka mdomoni hadi juu ya bati. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.