Eda ya Bi Saumu na Darasa la Wasimamizi

Hapo zamani, na mwenye usingizi akalale mapema maana mwisho wake nitawauliza, palikuwa na mji ambao nusu ya watu wake walikuwa wapangaji. Sheria za upangaji za mji ule zilikuwa hazitulii. Mwaka huu msimamizi wa nyumba anaruhusiwa kuingia chumba cha mpangaji akishabisha hodi, mwakani mpaka aje na shahidi. Leo mpangaji hupewa notisi ya mwezi mmoja, kesho miezi mitatu. Wasimamizi wakawa wanakosea kila siku, na watu wanaumia. Ndipo liwali akaamuru darasa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kila msimamizi aende kwa Mwalimu Zuwena, asomewe kilichobadilika, aulizwe maswali, na jina lake litiwe alama daftarini. Asiyehudhuria hurudi Jumatatu kusomeshwa peke yake.

Basi palikuwa na msimamizi mmoja jina lake Shomvi. Nyumba aliyoisimamia ilikuwa na vyumba tisa, na yeye na mama yake mzee, asiyeona, walikaa bure katika kile cha mlangoni, kwa sababu ya kazi ile. Funguo zikimtoka, na chumba kimemtoka. Kwa hiyo Shomvi aliishi roho juu. Kila sheria ilipobadilika, alikwenda darasani wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

Jumamosi moja asubuhi, kanzu ya darasa iko mwilini, akasikia kilio chumba cha tatu. Fundi Nasibu seremala, mpangaji wake, amefariki. Ndugu wa marehemu wako mbali, mjane Bi Saumu yuko peke yake. Wewe ungefanya nini? Shomvi akaivua kanzu, akatafuta sanda, akaita waoshaji, akashika jembe kwenda kuchimba kaburi. Akamwomba jirani yake Mbaruku, msimamizi wa nyumba ya pili, amsikilizie darasa. Ndivyo walivyozoea mtaani pale: mmoja akipata dharura, mwenziwe humsikilizia na kumletea.

Mbaruku akaenda. Mwalimu akasoma badiliko la kwanza, akasoma la pili. Adhuhuri ikaadhiniwa, Mbaruku akakumbuka kwamba jeneza linatoka baada ya sala, na fundi Nasibu ndiye aliyemchongea mtoto wake mchanga kitanda. Akanyanyuka polepole, akaenda kuzika. Badiliko la tatu lilisomwa yeye hayupo.

Naye Mwalimu Zuwena, alipofunga darasa, akafika kwenye jina la Shomvi. Alijua yuko msibani. Akaona haya kumrudisha Jumatatu mtu aliyeshinda makaburini. Akamtia alama ya aliyehudhuria.

Mmewaona? Wema mtupu, na wema haujamaliza.

Mbaruku alipoleta habari alileta mabadiliko mawili, akasema ndiyo hayo tu. Hakutaka kumwongezea wasiwasi mtu ambaye mikono yake bado ina udongo wa kaburi. Lakini Shomvi alikuwa amemwona kaburini, akitupa mchanga, na darasa humalizika alasiri. Akajua kuna kitu kimebaki. Kipi? Hapo ndipo chakula kilipoanza kumshinda. Alikwenda mpaka kizingitini kwa mwalimu akarudi, akaenda tena akarudi. Atauliza vipi, naye daftarini amehudhuria? Akiuliza, atamwumbua mwalimu aliyemhurumia, atamwumbua Mbaruku, atajiumbua mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walikwisha kusema, ila aibu nayo ni mzigo jamani.

Arobaini ya marehemu ikafika, hitima ikasomwa. Sheria aliyoijua Shomvi ilisema chumba cha marehemu hurudi kwa mwenye nyumba baada ya arobaini. Mwenye nyumba anamwoza mwanawe wiki ile ile, anakitaka chumba. Shomvi akazunguka ua mara tatu, kisha akafanya kama wasimamizi wa mji ule walivyofanya siku zote: akaung'oa mlango, maana chumba kisicho mlango kimeshahamwa. Bi Saumu akatoka. Akajifunika gubigubi, akakaa barazani pa watu, mwanamke aliye edani, wanaume wanapita.

Mlango ukarudishwa, bibi harusi akaingizwa chumba cha tatu.

Kumbe badiliko la tatu lilikuwa hilo hilo. Mjane asitolewe mpaka amalize eda yake, miezi minne na siku kumi. Na anayesababisha atolewe, anyang'anywe funguo zake na chumba chake, mjane amalizie eda humo.

Habari zikamfika liwali, akawaita Shomvi, Mbaruku, Mwalimu Zuwena na mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuguswa, kwa kuwa kwa desturi ya mji ule sheria aliisikia kinywani mwa msimamizi wake. Bibi harusi naye fungate yake haijaisha, hatolewi. Liwali akasema anataka jina moja tu, na analitaka kabla ya jua kuchwa, kwa sababu yule mjane bado yuko barazani.

Shomvi akapiga magoti, funguo ziko mkononi. "Bwana liwali, mlango niliung'oa mimi. Lakini nilikosa darasa kwa kumzika mtu wa nyumba yangu, na niliyemtuma aliniambia ndiyo hayo tu. Mama yangu haoni. Njia anayoijua ni ya chumba kile."

Mbaruku akasema, "Mimi niliondoka nikazike, na nikanyamaza nisimtie hofu. Lakini aliniona kaburini, bwana. Alijua, na kuuliza hakuuliza. Nami katika chumba changu cha kazi mna mke mzazi na mtoto mchanga."

Mwalimu Zuwena akasema, "Nisingemtia alama, angerudi Jumatatu, nami ningemsomesha. Niliandika uongo kwa huruma. Lakini chumba changu ndilo darasa lenyewe. Mkikifunga, badiliko lijalo watasomewa na nani?"

Kisha akaja bibi mmoja na ujumbe wa Bi Saumu, maana mwenye eda haji barazani kwa liwali. Sheria ile Bi Saumu aliijua. Wanawake wa msibani walimwambia siku ya tatu. Alinyamaza, ujumbe ukasema, kwa sababu hakuweza kumwambia mtu aliyemchimbia mumewe kaburi kwamba hajui kazi yake. Kama kosa ni la ulimi wake, basi wasimtoe mtu kwake, atamalizia eda pale pale nje.

Shomvi aliposikia hayo akaziweka funguo chini kwenye mkeka. Mbaruku akatazama, naye akaziweka zake. Mwalimu akauweka wake mmoja. Ila mkono wa Shomvi ulibaki juu ya zile zake, vidole havikubali kuachia, na jua limeshafika kwenye paa la msikiti.

Haya, nanyi msinitazame mimi. Mjane yuko nje, vyumba ni vitatu, na liwali anangoja jina moja. Je, nani alistahili kunyang'anywa funguo?