Aleluya Kabla ya Saa Yake

Sogeeni karibu, na wewe uliye mlangoni ingia au toka, maana hadithi hii haiwapendi watu wa nusu ndani nusu nje. Nitawapa kesi. Nimeshawapa mapadre wawili na wauza ndizi sita, na wote waligombana badala ya kuamua. Leo ni zamu yenu, ninyi mnaojiona mna akili.

Parokia ya Mhekela iko juu milimani, kusini, ambako wakati wa masika ukungu huingia mpaka ndani ya kabati. Hapo walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mzee Kanuti Ndunguru, katekista mstaafu. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Zile nyimbo za Kilatini za watawa wa kale, zinazoimbwa kwa sauti moja bila ngoma wala kinanda, alizijua zote bila kitabu, na kila wimbo aliujua na siku yake. Ukimwomba wimbo wa Noeli mwezi wa sita, atakuangalia kama umemwomba avae suruali kichwani.

Wa pili ni Sabas Komba. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Miaka ishirini alipuliza sakso katika bendi ya jazi mjini, akarudi nyumbani mama yake alipopooza. Aliweza kushikilia sauti moja mpaka wewe msikilizaji ndiye unayeishiwa pumzi.

Wa tatu ni Otilia Kapinga, seremala. Kipaji chake kilikuwa mikono. Siku moja, katika kitabu cha zamani cha misa, aliona picha ya malaika amepakata kinanda kidogo, mkono mmoja ukipiga na mwingine ukisukuma mvukuto wa kukipa upepo. Akafunga kitabu, akaenda kukata mianzi. Ilimchukua miaka miwili, ngozi ya mbuzi, na matusi mengi ambayo aliyaungama baadaye, lakini kinanda kikalia.

Padre Filbert akawaweka pamoja. Alitaka Jumatatu ya Pasaka pawe na tamasha kanisani: Mzee aimbe nyimbo za kale, Otilia amsindikize kwa kinanda cha malaika, na Sabas aingie katikati na jazi yake. Siku ya kwanza ya mazoezi, Sabas alipoujibu mstari wa Mzee kwa sakso, Mzee aliacha kuimba, akafuta macho.

"Kumbe nyimbo hizi zilikuwa zikisubiri jibu miaka yote," alisema.

Lakini wazee wa kanisa walinung'unika. Sakso ni ya baa, walisema, na baa haina Pasaka. Padre, ambaye hapendi ugomvi, akatafuta njia ya kuwaridhisha wote, na njia hiyo mnajua hupeleka wapi. Alitangaza mimbarini: "Mazoezi yatafanyika chumba cha chini ya mnara, mlango umefungwa. Mkisikia kelele huko, msisogee. Mtasikiliza Jumatatu."

Hapa nina desturi mbili za kuwaeleza, na Wakatoliki mliopo mnivumilie. Kwanza, tangu Alhamisi Kuu kengele haipigwi mpaka kesha la Pasaka, usiku wa Jumamosi Kuu. Pale Mhekela mtunza kanisa huivuta kamba yake juu kupitia tundu la dari ya chumba kile cha mnara, asije mtu akajisahau. Pili, tangu Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, neno Aleluya halitamkwi. Huwekwa kando kama nguo ya sikukuu, na Mhekela mtoto akiliropoka hata nyumbani huzibwa mdomo. Linarudi katika kesha, likiinuliwa mara tatu, kila mara sauti ikipanda zaidi, na watu wote wakiwa wamesimama.

Basi. Jumamosi Kuu, saa nane mchana, mvua na baridi, watatu wetu wakaingia chumba cha mnara. Sikilizeni walivyojifunga wenyewe.

Sabas, kwa kuwaogopa wazee, alikuwa amelipigilia mbao dirisha dogo kwa nje, na juu ya mbao godoro. Godoro lingine alilining'iniza mlangoni kwa ndani. Mzee Kanuti, kwa ajili ya kifua chake, aliingia na jiko la mkaa. Otilia akafunga mlango. Ulikuwa umevimba kwa mvua na kufuli likagoma, na Otilia, ambaye hajawahi kushindwa na kitu cha mbao, akauzungusha ufunguo kwa nguvu zote. Ukakatika ndani.

"Nitaushughulikia tukimaliza," alisema.

Waliimba karibu saa nzima. Halafu Mzee akakosea neno. Mzee Kanuti, kukosea neno! Sabas akacheka, na katika kucheka akaona kichwa kinamgonga. Otilia akainuka kwenda mlangoni, akajikuta amekaa sakafuni.

"Ni mkaa," alisema. "Jamani, tunavuta sumu."

Sabas akalimwagia jiko chai waliyokuja nayo. Mvuke na majivu vikajaa chumba, hali ikawa mbaya zaidi. Otilia alichokonoa kufuli kwa msumari, likabaki vile vile. Sabas akasukuma dirisha, misumari yake mwenyewe ikamkatalia. Akang'oa godoro la mlangoni, akaupiga mlango mateke, kisha akaugonga kwa stuli. Nje, kina mama walikuwa wakifagia maji ya mvua uwanjani kwa ajili ya kesha, hatua thelathini tu. Mwenyekiti wao, Mama Gaudensia, alisikia vizuri kabisa.

"Sasa wameleta na ngoma!" alisema. "Bwana yuko kaburini, wao wanapiga ngoma! Twendeni upande wa pili, tusishiriki dhambi ya watu."

Wakaondoka na mafagio yao. Ndani, kadiri walivyogonga ndivyo walivyozidi kuachwa. Walipiga kelele, "Tufungulieni! Tunakufa!" Kupitia kuta zile za mawe, hata kufa kwao kulisikika kama wimbo. Hapo hofu ikawashika kweli, maana walielewa kwamba hawakufungiwa na mlango peke yake. Walikuwa wamefungiwa na parokia nzima iliyoambiwa isisogee, na ikatii.

Otilia akatazama dari. Tundu la kamba lilikuwa pale, kubwa kama sahani ya chai, na juu yake hewa safi ya mnara. Akatazama kinanda chake. Alikipapasa mara moja, kisha akakivunja juu ya goti. Alichomoa mianzi mirefu miwili, akaifunga kwenye mvukuto kwa kitambaa chake cha kichwa, mmoja wa kuvutia hewa na mmoja wa kuisukumia. Akapanda mezani, akaupenyeza wa kwanza tunduni, akaanza kuvuta hewa ya juu na kuileta chini. Wenzake waliweka nyuso zao kwa zamu mbele ya mwanzi wa pili. Hewa ile haikuwaponya, lakini iliwarudishia akili.

"Mikono yangu haitafika mbali," alisema. "Fikirini haraka."

Mzee Kanuti alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. "Kelele hazitaleta mtu," alisema. "Wameambiwa wasisogee. Lazima wasikie kitu wasichoweza kukivumilia."

"Kitu gani, Mzee wangu?" Sabas aliuliza.

Mzee alifanya kwanza ishara ya msalaba. "Aleluya," alisema mwishowe. "Ile ya kesha. Wataacha hata jeneza njiani, waje kutunyamazisha."

Alijaribu kuiimba mwenyewe, kifua kikatoa mluzi mtupu. Akamvuta Sabas karibu, akamnong'onezea sauti moja moja, ipi ishuke, ipi ipande, ipi isubiri.

Sabas akapanda mezani kando ya Otilia, akaelekeza mdomo wa sakso tunduni. Mara ya kwanza mazoea yalimshinda, akaipamba kidogo, kama wafanyavyo watu wa bendi. Hakuna aliyekuja.

"Usiipambe!" Mzee alifoka kwa sauti ya kukwaruza. "Ukiipamba ni mazoezi. Iache uchi!"

Sabas akaipiga kavu, kama alivyoisikia akiwa mgongoni kwa mama yake. Mara moja. Mara ya pili, juu zaidi. Mara ya tatu aliishikilia sauti ya mwisho mpaka damu ikamtoka puani, wala hakuiachia. Sauti ikapanda mnara, ikatokea kwenye madirisha ya kengele, ikaenea Mhekela yote. Wanaume waliokuwa wakipanga kuni za moto wa kesha walizidondosha miguuni mwao. Mama Gaudensia alitupa fagio akaja mbio, na nyuma yake kina mama wanane.

"Nani anamfufua Bwana kabla ya saa yake?" alifoka mlangoni.

Hakujibiwa, na kutojibiwa ni kitu ambacho Mama Gaudensia hakijui. Wakabeba benchi la kanisa, wakaupiga nalo mlango mpaka ukaanguka ndani. Walikuja kunyamazisha watu watatu, wakawakuta wameshanyamaza.

Na msiniambie sifa ya kuwaokoa ni ya Mama Gaudensia. Yeye mwenyewe anakiri alikuja kupiga mtu.

Waliwaburuta nje, mvua ikawazindua mmoja mmoja. Padre Filbert alilia mbele ya kondoo wake bila aibu. Sasa kuna jambo moja zaidi. Pale Mhekela, Aleluya ya kwanza ya kesha huinuliwa na mmoja tu, kisha ndipo wote huitikia. Ni heshima ambayo mtu huongelewa nayo mpaka kaburini, na kwa miaka thelathini na moja ilikuwa ya Mzee Kanuti. Lakini jioni ile wazee wa kanisa, wale wale wa kunung'unika, walimwendea Padre.

"Leo aiinue aliyewaokoa wenzake," walisema. "Awe nani, hatutapinga. Hata kwa sakso. Hata kama ni mwanamke."

Padre akawaita watatu sakristia, chumba anachovalia joho.

Otilia alisema, "Padre, Jumatatu Mzee atakuwa na koo lake na Sabas na sakso yake. Mimi nina kuni. Miaka miwili yangu niliivunja kwenye goti. Na hapa Mhekela mwanamke hajawahi kuinua Aleluya hata mara moja. Bila hewa yangu, hawa wangeikumbuka wapi, na wangeipuliza kwa pumzi gani?"

"Na ufunguo ulivunjwa na nani?" Sabas alimuuliza, kwa upole. Otilia akaificha mikono mgongoni.

Sabas akasema, "Mama yangu amelala kitandani mwaka wa tatu. Kila kesha anataka dirisha liachwe wazi asikie. Hakuna mama wa parokia anayeingia kwake kumsalimu, kwa sababu mwanawe ni mtu wa baa. Nikiinua mimi leo, mbele ya wazee, watarudi. Sijiombei mimi. Na damu hii kwenye shati si ya mtu mwingine."

"Dirisha ulilipigilia wewe, mwanangu," Mzee alisema. Sabas akainamisha kichwa.

Kisha wakamsubiri Mzee Kanuti. Alikuwa akisugua magoti.

"Mimi nililijua jibu tangu Mama Gaudensia alipoondoka na mafagio," alisema. "Nikanyamaza. Nilisema moyoni, bora tufe kuliko niitamke leo. Nilimwona Otilia anavunja kinanda, na bado nilinyamaza."

Otilia alimgeukia, mdomo wazi.

"Ningesema mapema, kinanda kingekuwapo," Mzee aliendelea. "Lakini nisingesema kabisa, tungekuwa maiti, maana hawa wawili wasingeliwaza hata kwa mwaka mzima. Padre, kifua hiki hakifiki Pasaka nyingine, na wewe unajua. Nisipoinua leo, Aleluya yangu ya mwisho ni ile niliyomnong'oneza Sabas mle ndani, kwa hofu ya kufa."

Nje kina mama wanapanga mishumaa, na kila anayepita anachungulia. Watatu wamekaa bega kwa bega mbele ya Padre. Kila mmoja amemwokoa mwenzake, na kila mmoja alikaribia kumuua. Padre amewapa mgongo, anatazama ukuta, maana kwa mlango hawezi kutoka bila jina, na majina mawili hayatakubaliwa.

Msiniangalie mimi, hata mimi nimeshindwa. Wewe, na wewe, na wewe uliyeingia mwisho: vaa joho la Padre Filbert, geuka, uwatazame usoni. Unamtaja nani? Na wale wawili unaobaki nao humo ndani, utawaambia nini?