Jinsi Nguchiro Alivyopata Uwaziri Mkuu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na bunge lao, jua lilikausha mito yote. Ikabaki chemchemi moja, nayo Nyati alikuwa ameizungushia ua wa miiba.

Uchaguzi ulipofika, Nguchiro akapita kwa wanyama wadogo. "Nipeni kura, nitaubomoa ua ule."

Bi Digidigi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akampa kura yake. Wadogo wenzake nao wakampa.

Kura zikahesabiwa. Chama cha Tembo na chama cha Nyati vikapata viti sawasawa. Cha Nguchiro, viwili tu. Na sheria ilisema asiyepita nusu ya viti haundi serikali. Basi kila mkubwa akamhitaji yule mdogo.

Nguchiro, chapuchapu, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee. Nyati ameniahidi uwaziri wa maji."

Nyati hakuwa amesema neno lolote, lakini Tembo alishtuka. "Njoo kwangu, nikufanye naibu waziri mkuu."

"Acha nifikiri, mzee."

Pu pu pu, mbio hadi kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee. Tembo ananipa uwaziri mkuu wenyewe. Kesho tunaapishwa."

Nyati akapumua, fuuu. Alijiona yuko nje ya serikali na Tembo akiuvunja ua wake.

"Hata mimi nakupa huohuo," akasema. "Nitakuwa naibu wako. Sharti langu moja: ua usiguswe."

Nguchiro akawakumbuka waliompigia kura, kisha akakifikiria kiti.

"Hautaguswa," akasema.

Akaapishwa. Tembo alipogundua kuwa amechezewa, akanguruma bungeni, lakini viti vyake havikutosha.

Bi Digidigi akaenda ofisini kwa Nguchiro, mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa halii tena.

"Mheshimiwa, ua bado upo."

"Mama, serikali ya mseto ni kuvumiliana. Ningebaki na viti vyangu viwili, ungepata nini?"

"Na sasa nimepata nini?"

Nguchiro akatazama dirishani. "Subiri. Uchaguzi mwingine utakuja."

"Utakuja, baba. Ila huyu hataufikia."

Askari akamfungulia mlango atoke. Alipofika penye kivuli akamshusha mwanawe, akamwita, akamwita tena. Mtoto hakuitika.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: wagawanao vyeo hawagawani kiu.