Kiboko na Mashine Tisa za Gololi

Kisa! Kisa!

— Kije!

Kije kimekaa au kimesimama?

— Kije kinakimbia!

Mbona mnaitikia kama mna homa? Tena. Kisa! Kisa!

— Kije!

Haya, kimekuja. Nami nawaambia mapema, nikimkumbuka tu huyu Kiboko kichwa kinaanza kuniuma. Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nasikia kru kru kru tu hapa.

Palikuwa na Kiboko, mkubwa, mnene, mwenye nyumba yake kando ya mto. Alikuwa na mke, Bi Kiboko, mwenye subira nyingi, lakini sehemu kubwa alikuwa ameshaitumia. Uani kwao kulikuwa na chumba kimoja kidogo, na humo alikaa Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Chumba kile alipewa na marehemu mama yake Kiboko. Akakikandika udongo mwenyewe, akakiezeka mwenyewe. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa, huko mjini Nyani alikuwa na ukumbi wa michezo. Ukumbi ukafungwa, Nyani akabaki na mashine za gololi. Hamzijui? Ni kama meza ndefu ya miguu minne, juu imefunikwa kioo. Ndani mna gololi ya chuma. Unairusha, inakwenda huko juu, taa zinawaka, kengele zinalia: ting! ting! tang! krrrr! Ikishuka unabonyeza vitufe, vijikono viwili vinaipiga, inapanda tena. Ikikuponyoka inaingia shimoni: tumbu! Umeshindwa. Unaanza upya. Raha yenyewe ndiyo hiyo, msiniulize mimi.

Kiboko akacheza mara moja akapagawa. Akampa Nyani mikungu ya ndizi, akabeba mashine mgongoni mpaka kwake.

Mashine ya kwanza ikaingia sebuleni, makochi yakatoka.

"Mume wangu, inatosha?"

"Inatosha, mke wangu. Hii tu."

Mashine ya pili ikaingia, meza ya chakula ikatoka.

"Mume wangu, zinatosha?"

"Zinatosha, mke wangu. Hii ni ya mwisho."

Mashine ya tatu ikaingia, kabati la vyombo likatoka. Alisemaje?

— Hii ni ya mwisho!

Ya nne ikaingia, mtungi wa maji ukatoka. Alisemaje?

— Hii ni ya mwisho!

Ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, jamani! Ya tisa ikaingia chumbani, kitanda kikatoka. Bi Kiboko akawa anajilaza jikoni, kichwa kwenye gunia la mkaa, matako mlangoni. Na kutwa nzima humo ndani ni ting! ting! tang! krrrr! tumbu! Ting! ting! tang! krrrr! tumbu!

Siku moja asubuhi Bi Kiboko akasimama katikati ya nyumba. Nasema katikati, lakini alikuwa amebanwa kati ya mashine mbili, pumzi haitoki.

"Mume wangu, leo tunaamua. Zibaki ngapi?"

"Vizuri," akasema Kiboko. "Tuamue kama watu wazima."

"Itoke hii ya kwanza. Imezeeka."

"Huyu? Huyu ndiye aliyenitoa ushamba! Siwezi."

"Basi hii, imevunjika mguu."

"Mgonjwa? Unamfukuza mgonjwa, mke wangu? Una roho gani?"

"Basi hii nzima."

"Kitu kizima! Nani anatupa kitu kizima?"

"Hii hapa hujaicheza hata siku moja!"

"Ndiyo maana! Tutaachanaje hata hatujajuana?"

Mnamsikia? Eti huyu, eti mgonjwa, eti hatujajuana. Mashine! Wakazunguka hivyo tangu asubuhi mpaka jua la utosi, Bi Kiboko sauti ikamkauka. Mwishowe Kiboko akapiga meza. Meza haikuwapo, akapiga mashine.

"Tumeamua," akasema. "Kumi."

"Kumi?"

"Nyani ana moja amebaki nayo. Peke yake, maskini. Jumamosi naileta. Hiyo ni ya mwisho."

"Utaiweka wapi? Kichwani kwangu?"

Kiboko akachungulia dirishani. Akaona chumba cha uani.

"Bi Sange!" akaita. "Jumamosi uhame."

Bi Sange alikuwa anaanika mtama wake. Akasimama. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika kule ng'ambo ya mto, meusi. Nihame niende wapi? Na chumba nimekikandika mimi! Moyo ulimuuma, na hasira zilimpanda mpaka kwenye ncha ya pua, na ile pua ni ndefu. Lakini atafanya nini? Kiboko akimkanyaga kwa bahati mbaya tu, habari yake imekwisha. Akaingia ndani kwa Kiboko, akapita chini ya miguu ya mashine, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeanza kufunga mizigo?"

"Nitafunga. Ila nina swali moja. Hawa wote unawapenda?"

"Wote!"

"Sawasawa?"

"Sawasawa kabisa! Mimi si mtu wa upendeleo. Muulize mke wangu."

"Usiniulize," akasema Bi Kiboko.

"Hongera," akasema Bi Sange. "Basi bila shaka umewapangia zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuchezwa. Mwenye wengi anagawa zamu, Bwana Kiboko. Asipogawa, nyumba inaingia wivu."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! kioo kikatetemeka. "Wivu wa mashine! Hebu niondokee hapa."

Sasa sikilizeni. Kiboko alikuwa na kipenzi chake kimoja, akikiita Kimulimuli kwa sababu ya zile taa zake nyekundu. Anasema sawasawa, sawasawa, kumbe asubuhi yuko kwa Kimulimuli, mchana yuko kwa Kimulimuli. Bi Sange akaliona hilo. Kiboko alipokwenda kula, yeye akapanda mguu wa mashine, akapenya katika tundu la nyaya, akaingia ndani, akakaa chini ya shimo la gololi. Kimya.

Kiboko akarudi. Akarusha gololi. Ting! ting! tang! krrrr! tumbu!

Bi Sange akaidaka. Akaikumbatia.

Kiboko akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza kwa pua. Hakuna kitu. Akaitikisa, kudu kudu kudu! Taa zote zikazimika.

"Kimulimuli! Una nini? Mke wangu, Kimulimuli amemeza gololi!"

"Mpe maji," akasema Bi Kiboko kutoka jikoni.

Bi Sange akatokea huku nyuma, akajifuta vumbi, akaja mbele kama anatoka uani.

"Kuna nini, Bwana Kiboko? Mbona kelele?"

"Hataki kucheza!"

Bi Sange akaweka sikio kwenye mashine. Akatikisa kichwa. Akaweka tena. "Mh! Amenuna."

"Amenuna kwa nini?"

"Wenzake wanamsema. Wanamwambia kipenzi, kipenzi, wewe ndiye uliyetuharibia nyumba. Nilikuambia mimi. Zamu!"

Kiboko, mwili wote ule, akaingiwa na hofu. "Basi nitagawa zamu! Nitagawa leo hii. Nifanyeje?"

"Rahisi. Kila mmoja mchezo mmoja kwa siku."

"Mchezo mmoja tu? Hiyo ndogo!"

"Na alama ziwe sawa. Ukimpa huyu alama mia tano, kila mmoja apate mia tano. Si mia tano na kumi. Ukizidisha kwa mmoja, umependelea, unaanza upya wote tisa."

"Sawa!"

"Na mimi niandike," akasema Bi Kiboko. "Niwe wa kumi. Mimi zamu yangu sijaiona tangu ilipoingia ile ya nne."

Kiboko akajifanya hajasikia.

Bi Sange akazunguka nyuma, gololi ikatemwa, Kimulimuli akawaka, Kiboko akaanza. Mashine ya kwanza, mia tano. Ya pili, mia tano. Ya tatu, mia tano. Ya nne, ting! gololi ikagonga kengele yenyewe bila kuombwa: mia tano na ishirini.

"Lo! Umependelea," akasema Bi Sange.

Akaanza upya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita akapata mia nne, tumbu!

"Lo! Umeonea."

Akaanza upya. Na akikaribia kumaliza, ya nane, ya tisa, pale pale kuna kijipua fulani ndani ya mashine kinaisukuma gololi kidogo tu, kidogo hivi. Ting!

"Lo! Umependelea!" anasema Bi Sange, akitokea nyuma.

Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili ikaisha. Na Kiboko ni mnyama wa maji, mnajua, ngozi yake haitaki jua wala vumbi. Sasa mtoni atakwenda saa ngapi? Ana wenzake tisa wanamngoja! Ngozi ikaanza kukakamaa. Ikapasuka mgongoni, ikapasuka masikioni. Pua imevimba kwa kubonyeza. Ile ting! ting! iliyokuwa raha, sasa akiisikia anafumba macho.

Ijumaa asubuhi akaketi sakafuni akalia. Kiboko mzima, machozi yanamtiririka.

"Bi Sange, nimechoka. Hawa ni wengi. Nikiwa nao wanane je?"

"Jaribu."

Akajaribu wanane. Akashindwa.

"Watano je?"

"Jaribu."

Akashindwa.

"Wawili je?"

"Wawili ndio wabaya zaidi," akasema Bi Sange. "Ukianza na huyu, yule anakuona. Hana hata mwenzake wa kumnong'oneza."

Kiboko akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa uchungu. "Basi mmoja," akasema. "Kimulimuli tu. Lakini hawa wanane, nitawatupaje?"

"Nani kasema kutupa? Uwaoze. Majirani wote wa heshima. Mmoja kwa Nyati, mmoja kwa Ngiri, mmoja kwa Twiga, kila nyumba mmoja."

"Na yule wa kumi kwa Nyani?"

"Mwambie Nyani posa imevunjika."

Bi Kiboko alipiga kigelegele mpaka kunguru wakaruka. Siku hiyo hiyo mashine zikatoka, moja moja, na vitu vikaingia. Mashine ikatoka, kitanda kikaingia. Mashine ikatoka, mtungi ukaingia. Mashine ikatoka, meza ikaingia. Majirani nao wakazipokea kwa ngoma, wanacheka, wanakumbatiana, eti wamepata bahati. Kiboko akaenda mtoni akajitupa majini, chubwi! akakaa humo mpaka kesho yake. Na Jumamosi mvua ikashuka, mvua ya kweli, na Bi Sange yuko chumbani kwake, mkavu, anakaanga mtama wake.

Mnadhani imeisha? Ingeisha ningekuwa nimeshalala.

Jumatatu, hodi! kwa Nyati.

"Nani?"

"Mimi Kiboko. Nimekuja kumjulia hali binti yangu."

Atamfukuza? Mgeni huyo! Nyati akamkaribisha. Kiboko akacheza, ting! ting! tang! Akaletewa chai. Akacheza. Akaletewa mihogo. Akacheza. Akangoja chakula cha mchana, akala sufuria nzima, akasema, "Mwanangu mmemtunza vizuri, Mungu awabariki."

Jumanne, hodi! kwa Ngiri. Jumatano, hodi! kwa Twiga. Zamu kwa zamu, haruki nyumba, haruki siku, muadilifu kweli kweli. Wiki mbili hazijaisha, majirani wote wanane wako uani kwa Bi Sange, mvua inawanyea, wamefura.

"Wewe! Wewe ndiye uliyetuletea balaa hili! Ametumalizia unga!"

"Mbona mlipopewa mlipiga ngoma?"

"Basi chukua wewe moja! Angalau siku moja aje kwako!"

Bi Sange akaufungua mlango wote ili waone ndani. Mkeka, chungu, mafiga matatu. "Mmeona? Ningependa sana, wallahi. Lakini mahali hapatoshi." Akafunga mlango.

Na Bi Kiboko? Ameketi kwenye kochi lake, miguu juu, nyumba kimya. Akiulizwa mumeo yuko wapi, anasema, "Leo zamu ya nani? Yuko kwa Pundamilia." Na anajimiminia chai nyingine.

Mimi nimefika mwisho. Kikiwa kitamu, mezeni. Kikiwa kichungu, nendeni mkamtemee Kiboko, mimi msinitemee.

Nini tena? Mafunzo? Hamkuona mafunzo hapo? Haya. Kisa hiki kinatufundisha kuridhika na kidogo, kutokuwa na tamaa, na kuwapa jirani kwa moyo mweupe. Na wewe unayeuliza mtu abaki na mashine ngapi, jibu ni tisa. Moja iwe kwako, nane ziwe kwa watu wanaojua kupika.