Chumvi Isizidi Chozi

Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni na viazi. Kabla ya chai nilikata kiazi mviringo vipande viwili vyembamba, kimoja nikakitia kwenye kikombe cha maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Mwalimu wa bayolojia alitutuma tuangalie kitakachotokea. Napenda kazi za namna hiyo, hazikulazimishi kusimama mbele ya watu useme.

Baba alikuwa sebuleni na simu. Alikuwa anaongea na dada Leokadia, ambaye tulikuwa tumesikia kwa watu kwamba ameacha chuo.

"Umeniaibisha! Usije ukakanyaga hapa kwangu, umesikia?"

Simu ikakatika, sijui aliyekata ni nani. Babu alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango, anamenya karanga. Hakupandisha sauti.

"Gervasi," alimwita baba, "chumvi isizidi chozi."

Baba akatoka akakaa kwenye ngazi za nje, katupa mgongo.

Mdogo wangu Nikasi hawezi kuacha neno lipite. "Babu, chumvi gani tena? Mbona chai yenyewe hatujanywa?"

Babu akacheka, akaviona vikombe vyangu. "Hebu mjukuu wangu, nionyeshe hicho cha chumvi."

Nikakitoa kipande. Kilikuwa kimelegea, kinajikunja kidoleni kama kitambaa. Kile cha maji matupu kilikuwa kigumu vilevile.

"Maji yake yamekwenda wapi?"

"Yamevutwa," nikasema chinichini. "Maji yanahamia penye chumvi nyingi. Inaitwa osmosisi."

"Jina hilo mimi sikufundishwa. Jambo lenyewe nimeliona, na halikuwa kwenye kiazi. Kaeni."

Methali hii, alisema Babu, ilizaliwa kwenye masufuria ya chumvi.

Enzi hizo Babu alikuwa kijana, anaishi kambini kwa wachemsha chumvi, ng'ambo ya mto Malagarasi. Walikuwa wanateka maji ya chumvi kwenye chemchemi, wanayachemsha kwenye masufuria mapana ya bati mpaka chumvi ibaki chini. Kipimo chao kilikuwa ulimi. Unachovya kidole, unalamba, unasema "bado" au "tayari". Kutwa nzima ni kuchovya na kulamba, wanaume kwa wanawake. Mke wa Babu, bibi yetu Anastela ambaye sisi hatukumkuta, alikuwa anaaminiwa kwa ulimi kuliko wote.

Siku moja nesi Perpetua alivuka mto kuja kupima watoto uzito. Akawakusanya akina mama, akawaambia mtoto akiharisha wasimnyime maji, maana anayoyamwaga lazima yarudishwe. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu, si vya kurundika. "Na kabla hujampa, onja," alisema. "Chumvi yake isizidi ya machozi."

Akina mama wakaangua kicheko.

"Nesi wee, tufundishe hiyo sukari. Chumvi tuachie wenyewe!"

"Leo samaki anafundishwa kuogelea!"

Nesi naye akacheka, akapanda mtumbwi wake akarudi.

Masika yalipokolea, mto ukajaa na mitumbwi ikaacha kuvusha. Hapo ndipo mtoto wa Babu, aliyekuwa bado ananyonya, akaanza kuharisha. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Bibi Anastela hakubabaika, si alifundishwa? Akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari. Chumvi hakupima kwa kijiko. Alichota kwa vidole kama anavyochota siku zote, akaonja. Akaona haijakolea. Akaongeza. Akampa Babu, naye Babu akalamba akasema, "Hii mbona haina kitu?" Akampitishia jirani, jirani naye akatikisa kichwa. Ikaongezwa tena.

Mtoto akanyweshwa. Kila akinywa anazidi kutaka maji, na kila akipewa anazidi kunyauka. Utosi ukabonyea. Ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Analia, lakini macho makavu kabisa, chozi halitoki.

"Kama kiazi," Nikasi alisema.

"Kama kiazi," Babu akaitikia, akaacha kumenya karanga.

Mchana wake mama mkwe wa Babu akafika kutoka milimani, upande huohuo wa mto, kwa wakulima. Amejitwika kikapu cha viazi vitamu, hajui kama mjukuu ni mgonjwa. "Mwiriwe humu!" akaita kwa salamu ya mchana ya kwao. Babu kwa heshima akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama nje ya ukuta wa matete, maana mkwe hatazamwi usoni. Kila kitu alikisikia kutokea hapo.

Mama mkwe alikuwa na kiu. Akaona kikombe kando ya kitanda, akapiga funda moja. Babu akasikia "Pfuuu!"

"We Anastela! Nani anakausha samaki humu ndani?"

"Mama, hiyo ni dawa ya mtoto."

"Dawa? Hii? Mwanangu, unamtia mtoto chumvi kama dagaa!"

"Nimeionja mwenyewe, mama. Hata baba yake kaonja."

"Baba yake yuko wapi?"

"Niko huku nje, mama," Babu akasema nyuma ya ukuta.

"Basi baki hukohuko. Ndimi zenu zimekufa, nyote wawili!"

Bibi Anastela akampakata mtoto, akalia bila sauti. Machozi yakatelemka mpaka mdomoni, naye kwa mazoea ya kazi akayalamba. Hapo akashtuka. Akachovya kidole kwenye kikombe, akalamba. Akafuta chozi jingine, akalamba. Akarudia kikombe.

"Mama," akasema, "imezidi. Nesi alisema isizidi machozi. Sisi tukacheka."

Ulimi wake ulikuwa umezoea chumvi kiasi kwamba peke yake haukuweza kumwambia kitu. Lakini ulipowekewa chozi pembeni, ukaona tofauti.

Akaimwaga ile yote. Akatengeneza nyingine, safari hii kwa kijiko, amefuta juu kama alivyoelekezwa. Akaonja chozi, akaonja kikombe. Babu kule nje naye akaombwa aonje, kikombe kikapitishwa juu ya ukuta. "Mimi chozi sina," akasema. Mama mkwe akamjibu, "Utakuwa nalo sasa hivi usipofanya haraka!" Na kweli Babu alikuwa nalo tangu zamani, ila hakutaka lisikike.

Mtoto akapewa kwa kijiko. Akatapika. Bibi Anastela akangoja kidogo, akampa tena, taratibu zaidi, na katikati akamnyonyesha. Kijiko, anangoja, kijiko. Jua lilipoanza kulegea mtoto akakojoa, akalowanisha gauni jipya la mama mkwe, naye mama mkwe akapiga vigelegele. Halafu mtoto akaanza kulia. Wote wakamwinamia kumtazama usoni.

Chozi lilikuwa limetoka. Dogo, limesimama kwenye kope.

Mto ulipopungua wakampeleka zahanati. Nesi Perpetua akampima, akasikiliza habari yote mpaka mwisho, na hakumtania mtu. Tangu siku hiyo kambi nzima, mtu akimkaripia mwenzake kupita kiasi au akimpa mtoto adhabu isiyo na huruma, anaambiwa neno lile. Kukaripia ni dawa, alisema Babu, bila chumvi haiponyi. Ila uionje kwanza kwa chozi lako mwenyewe, maana ukizoea kukaripia hujui tena imekolea kiasi gani.

"Na huyo mtoto?" Nikasi akauliza. "Alikua?"

Babu akaelekeza kidevu mlangoni. "Si huyo hapo kwenye ngazi."

Baba hakugeuka. Akaniita. Akanipa simu.

"Andika wewe. Mimi vidole vyangu vizito."

Nikaandika meseji anavyosema: Leokadia, nimekasirika sana lakini wewe ni mwanangu, rudi tuongee. Akaisoma, midomo inacheza.

"Toa hapo pa kukasirika."

Nikatoa.

"Na hiyo 'lakini'. Toa."

Tukafuta, tukafuta, ikabaki: Mwanangu, umekula? Rudi nyumbani. Baba.

Akaisoma tena, akajipangusa uso kwa kiganja, akabonyeza mwenyewe.

Dada alikuwa hajajibu. Simu tuliiweka mezani katikati yetu, kioo juu. Baba aliigusa mara nyingi.

"Kijiko cha kwanza hata wewe ulikitapika," Babu alimwambia. "Ngoja kidogo, umpe tena. Chumvi isizidi chozi."