Chanjo ya Farasi wa Kumi na Mbili

Waliokuwepo zizini siku hiyo ni hawa. Bwana Petros Vamvakas, Mgiriki, mwenye shamba. Lemburis Mollel, Mwarusha, mchunga ng'ombe wa shamba. Elisante Pallangyo, Mmeru, msaidizi wa bwana mifugo. Bi. Udamuhale, mtunza farasi, mke wa mtoto wa Mzee Gidamis Gwandu. Na farasi kumi na wawili. Hakukuwa na mwingine. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Machi 1959, katika shamba lililokuwa chini ya mlima Hanang.

Watu wa kabila la Bi. Udamuhale wengi huwaita Wamang'ati. Hilo ni neno la Kimaasai, maana yake maadui. Wao hujiita Wadatoga, nami nitawaita hivyo. Mtu aitwe jina lake.

Watatu kati ya hao walikuwa na vipawa. Lemburis alijua ugonjwa kwa kumtazama mnyama. Elisante hakuwahi kutumwa mahali asifike. Bi. Udamuhale alisikilizwa na farasi. Sikiliza kila mmoja alifanya nini, maana mwishoni nitakuuliza.

Siku kumi kabla, ng'ombe mmoja alikutwa amekufa malishoni, tumbo limevimba, damu nyeusi ikimtoka puani bila kuganda. Wafanyakazi walikuwa wameshanoa visu. Lemburis akasimama mbele ya mzoga na fimbo yake.

"Atakayemchuna huyu nitamvunja mkono."

"We Lemburis, nyama yote hii?"

"Hii si nyama. Hiki ni kimeta. Anayekigusa naye hufa."

Wakamcheka, wakamwita daktari, wakamwuliza kama ana sindano ndani ya shuka. Hakuondoka. Alisimama juani mpaka kuni zikaletwa na mzoga ukachomwa wote, ngozi na pembe. Kisha akaenda kwa Bwana Vamvakas, akamwambia, "Bwana, farasi wako wanakula majani yale yale." Bila maneno hayo, hakuna ambaye angeagiza chanjo.

Bwana Vamvakas alishtuka. Aliwapenda farasi wake kuliko watu, na hilo halikuwa siri. Alikuwa na mtoto jike wa farasi, mwenye miezi sita, aliyezaliwa na dume lake jekundu. Akasema mbele ya wote, "Farasi zangu zikipona, huyu mtoto ni ya yule aliyeponyesha." Lemburis alimtaka kwa ajili ya kuchungia. Elisante alimtaka kwa ajili ya safari zake. Bi. Udamuhale alimtaka kwa ajili ya baba mkwe wake, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha na kisima kilikuwa mbali.

Kwa nini kisima kilikuwa mbali, nitasema baadaye kidogo.

Elisante alitumwa Arusha kuchukua chanjo. Akarudi nayo ndani ya sanduku la barafu lililojazwa pumba za mbao. Mto ulikuwa umefurika, na lori likasimama ukingoni.

"Tulale hapa," dereva alisema. "Maji yatapungua kesho."

"Barafu haijui kesho."

Akaliweka sanduku kichwani, akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani. Ng'ambo alitembea maili kumi na saba. Alipolifungua sanduku zizini, barafu iliyobaki ilikuwa na ukubwa wa ngumi, na chupa zilikuwa bado baridi. Bila miguu yake, chanjo ingeharibika ukingoni.

Lakini farasi hawakumtaka Elisante. Wa kwanza alimpiga teke mfuko wake ukaruka ukutani. Bwana Vamvakas akaagiza kamba. Bi. Udamuhale akasema kamba za nini. Akamwendea farasi, akamwekea paji la uso shingoni, akamwimbia kwa pua wimbo usio na maneno, na sindano ikaingia. Akafanya hivyo mara kumi na moja. Bila yeye, chanjo ingebaki chupani.

Utaratibu ulikuwa wa Bwana Vamvakas. Yeye alisoma jina daftarini, mtunza farasi alilitaja jina hilo akimleta farasi, Elisante alichoma, Bwana akaweka alama. Kumi na mmoja walipita hivyo. Akabaki dume jekundu.

Sasa nieleze kuhusu kisima. Miaka minne kabla, Mzee Gidamis Gwandu alikuwa akinywesha ng'ombe wake kwenye kisima ambacho baba yake alikichimba. Bwana Vamvakas alikizungushia uzio. Mzee alikataa kuhama, akaketi kisimani siku sita, mpaka askari walipokuja kumbeba, na tangu hapo akategemea kisima cha mbali. Mwezi ule ule Bwana Vamvakas alinunua dume jekundu, akalipatia jina la mzee. Aliwaambia wageni wake kwamba kila asubuhi anampanda Gidamis. Walicheka sana. Mimi sitalirudia jina hilo kwa mnyama, isipokuwa pale alipolisema yeye mwenyewe.

Na mwanamke wa Kidatoga hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki mbele yake, hatamki akiwa peke yake. Akilitamka amemdhalilisha mzee na watoto wake mwenyewe. Bwana Vamvakas alikaa nchini miaka ishirini. Alilijua hilo kama alivyojua mipaka ya shamba.

"Gidamis!" akasoma.

Bi. Udamuhale akamleta dume, akasimama naye.

"Jina."

"Huyu hapa, Bwana. Mwekundu."

"Hapa hakuna Mwekundu. Taja jina."

Lemburis akacheka. "Mama Mang'ati, neno moja tu! Ulimi utadondoka?"

Bi. Udamuhale akamjibu, "Lemburis, wewe ukimwona mama mkwe wako unaingia porini kumkwepa. Funga mdomo."

Elisante akasema, "Bwana, sindano iko tayari. Nimchome tu, mara moja."

"Asipotaja, hapana chanja. Hii farasi yangu."

"Nakuomba, Bwana," Bi. Udamuhale alisema. "Mchanje. Nifukuze mimi, lakini mchanje."

"Taja."

"Siwezi."

Bwana Vamvakas akafunga daftari. Chupa ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Elisante alikuwa na sindano mkononi, farasi yuko mbele yake, ametulia. Akaimwaga dozi ya mwisho motoni, kama alivyofundishwa, akaandika kumi na moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Siku ya tisa dume jekundu lilianguka zizini, likitetemeka, povu mdomoni. Lemburis akapiga kelele kutoka mlangoni, "Usimguse!" Bi. Udamuhale alikuwa ameshaingia. Alimpangusa povu kwa mikono mitupu.

"Mnyama hana kosa kwa jina alilopewa," alisema.

Likafa kabla ya adhuhuri. Wale kumi na mmoja walipona wote.

Jumamosi, tarehe 11 Aprili, waliitwa zizini kwa ajili ya zawadi.

"Mimi ndiye niliyekijua kimeta," Lemburis alisema.

"Ungekijua ukakaa nacho," Elisante alisema. "Dawa ilikuja na miguu ya nani?"

"Na huyu mwanamke yeye hapana," Bwana Vamvakas alisema. "Ameua farasi yangu."

Bi. Udamuhale alikuwa ameketi chini, mkono umefungwa kitambaa. "Hao kumi na mmoja wamesimama," alisema. "Waulizeni nani aliwashika."

Lemburis alikuwa anautazama ule mkono. "Fungua kitambaa."

"Hakiumi."

"Fungua, mama." Hakusema Mang'ati.

Palikuwa na kidonda kimoja, cheusi katikati, kimevimba pembeni. Lemburis hakuhitaji kukitazama mara mbili. Yeye na Elisante walimbeba wakaenda naye kwenye zahanati, na mtoto wa farasi akabaki amefungwa nguzoni bila mwenyewe.

Basi nawauliza ninyi mnaosikiliza. Mmoja alitoa macho, mmoja miguu, mmoja mikono, na kukosekana kwa mmoja kungewaua farasi wote. Lakini Lemburis alicheka pale ambapo angemtetea. Elisante alitii na sindano iko mkononi. Bi. Udamuhale alilinda jina, akaacha farasi akose chanjo. Msiniambie habari za Bwana Vamvakas. Kuhusu yeye sina swali. Kamba ya yule mtoto ni moja. Wewe ungeiweka mkononi mwa nani?

Bi. Udamuhale alifariki Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, saa nne asubuhi.